Mwaka Niliosahihisha Majibu ya Mashine

Docteur Mujinga amekufa na mimi bado sijamaliza kumkasirikia. Hiyo ndiyo shida yangu wiki hii. Ujumbe uliingia Jumatatu asubuhi, nimepiga magoti mbele ya jiko la mbabula, napuliza makaa yaliyolowa, na mwanangu Plamedi amesimama mlangoni na sare ya shule, kiatu kimoja mguuni, kingine hakijulikani kilipo, anadai chai. Nilisoma mara mbili kabla ya kuelewa. Mama yetu ametutoka, kilio kiko nyumbani kwake Bel-Air. Aliyeandika ni Trésor, msaidizi wa Docteur, ambaye kwa miaka saba hakuniandikia hata salamu. Eti mama yetu. Nilimfungia mtoto kiatu, nikampeleka shule, nikarudi, nikakaa kitandani, na badala ya kulia nikaanza kumgombeza marehemu kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko na mgeni.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba alifanya kazi gani. Hayo hayamo katika hasira hii. Nianze na chumba, kwa sababu nikifunga macho chumba ndicho kinakuja kwanza: chumba cha kulia chakula katika nyumba aliyoachiwa Docteur na baba yake. Meza ndefu ya mbao nzito, yenye alama za vikombe vya watu waliokufa zamani. Kabati la vioo lenye sahani ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, na juu yake, umeegemea ukuta, ubao mweusi alioununua sokoni ukiwa tayari umepasuka kona moja. Kompyuta tatu, nyaya zimefungwa kwa vitambaa, betri kubwa chini ya meza ambayo kila mtu aliipiga teke angalau mara moja. Tulikuwa wanafunzi sita. Watano wametoka chuo kikuu, wana digrii zao za fizikia na hesabu. Wa sita ni mimi, miaka ishirini, diploma ya taifa ya sekondari mkononi na basi. Docteur alitoa mtihani wazi kwa yeyote aliyemaliza sekondari, na mimi niliushinda. Alisema anataka angalau mtu mmoja ambaye bado hajafundishwa vibaya na chuo. Wale watano hawakuipenda sentensi hiyo, na mimi niliibeba kama taji, mjinga mimi, sikujua kwamba mtu anaweza kufundishwa vibaya hata kabla ya chuo.

Alichotufundisha ni kompyuta za kwantamu, sisi tulisema quantique. Mashine yenyewe ilikuwa Ulaya, ndani ya friji yenye baridi kuliko baridi yote ninayoweza kuifikiria, na sisi tulikuwa na zamu yetu kwa mtandao Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi mpaka saa sita. Docteur alikuwa amefanya kazi huko miaka mingi, akarudi na kikohozi na wazo moja: kwamba mashine hizi za leo bado ni changa, zina kelele, joto kidogo tu au mtikisiko kidogo jibu linaharibika, na kabla hazijafika zile za kesho zitakazojirekebisha zenyewe, dunia inahitaji watu wanaojua kufanya kazi na hizi mbovu. Watu wa Lubumbashi, alisema, wanajua kufanya kazi na vitu vibovu. Tulicheka. Sijui kama alikuwa anatusifu.

Zoezi la kwanza nalikumbuka vizuri kuliko siku niliyojifungua. Unachukua vipande viwili vya mashine vinavyobeba hesabu, wanaviita kyubiti, unavifunga pamoja ili vijibu sawa. Kimoja kikisema sifuri, cha pili kiseme sifuri. Kimoja kikisema moja, cha pili moja. Unauliza mara elfu moja, unahesabu. Kwenye ubao Docteur aliandika jibu linalotakiwa: nusu sifuri-sifuri, nusu moja-moja, na hakuna kingine. Kisha tukaiuliza mashine. Ikarudisha sifuri-sifuri nyingi, moja-moja nyingi, na katikati, bila aibu, sifuri-moja kadhaa na moja-sifuri kadhaa, majibu ambayo hayawezekani. Nikauliza sasa jibu ni lipi. Akasema hilo jedwali lote ndilo jibu. Nikauliza na yale makosa? Akasema hayo ndiyo kazi yetu: tuyajue makosa yake vizuri kiasi cha kuweza kuyatoa katika hesabu, lakini kwanza tuyaandike yote, kama yalivyo. Nikaitikia ndiyo. Sikuelewa hata neno. Niliangalia wenzangu, wote wanaitikia, na mpaka leo sijui ni wangapi walielewa na ni wangapi walikuwa kama mimi.

Alikuwa na desturi moja ya mezani. Tulipika kwa zamu, na aliyepika hakuruhusiwa kugawa chakula kabla ya kusema kosa la chakula chake. Mtu anasimama, sufuria mkononi, anasema bukari, yaani ugali, iko na madonge upande wa chini, au sombe, majani ya muhogo, haijaiva vizuri, nilikuwa na haraka. Ndipo tunakula, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu lililotakiwa kulalamikiwa limeshasemwa. Wenzangu waliifanya kama mchezo. Gloria, aliyekuwa amesoma hesabu na anajua kuchekesha, siku moja alisema kosa la samaki wake ni kwamba anatuangalia. Mimi zamu yangu ilipofika niliamka mapema, nikachagua mboga ya lengalenga jani kwa jani, nikasonga bukari laini kama shavu, nikasimama mbele yao na nikasema hakuna kosa. Docteur akaweka kijiko chini. Akasema tafuta. Nikasema hakuna, Mama Docteur. Tulikaa chakula kikipoa mpaka Trésor akasema kwa niaba yangu kwamba chumvi haitoshi. Uongo mtupu. Chumvi ilitosha. Nilimshukuru kwa macho, na ninapokumbuka sasa naona hapo ndipo nilipoanza kumwamini mtu ambaye sikutakiwa kumwamini.

Trésor alikuwa ametuzidi miaka minane au tisa, nilimwita Yaya, kaka mkubwa. Alisoma shule kama yangu, ingawa ya wavulana. Nataka msomaji aelewe shule hiyo ni ipi, la sivyo ataniona mwizi. Mitihani ya vitendo ya fizikia tuliifanya bila vifaa. Mwalimu aliandika ubaoni: leo tunapima mwendo wa pendule. Pendule, kile kizito kinachobembea kwenye kamba, haikuwepo. Saa ya kupimia haikuwepo. Aliandika jibu ambalo kitabu kinataka, na sisi tulirudi nyuma, tukatunga vipimo ambavyo vingeleta jibu hilo. Tulipima kamba ambayo hakuna aliyeifunga popote. Na kulikuwa na ufundi: ukitunga vipimo vilivyonyooka mno mwalimu anakukata alama, lazima uweke kasoro ndogo, hapa juu kidogo, hapa chini kidogo, ili ionekane kama kamba ilikuwepo kweli. Miaka minne nilipata ishirini kwa ishirini. Masista wenye shule walionyesha daftari langu kwa wakaguzi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba huo ni uongo. Uliitwa usafi.

Basi mwezi wa saba wa mafunzo, mtandao ukiwa unakatika, tulikuwa tunanakili majibu ya mashine kwa mkono katika rejista kubwa kabla ukurasa haujapotea. Mwandiko mzuri ulikuwa wangu, kwa hiyo rejista ilikuwa yangu. Docteur alikuwa anaenda hospitali mara kwa mara kwa ajili ya kikohozi. Wenzetu wa Ulaya wakaomba majedwali yote ya miezi miwili, kwa sababu kutokana na hayo wangechagua watakaokwenda kwenye mafunzo ya pili, kule mashine iliko, na baadaye kuajiriwa kama watafiti. Trésor akaniletea rejista na kompyuta ili nichape majedwali. "Weka muzuri, Béa," akaniambia. "Bale ba kule baone kama tunajuaka kazi." Nilikaa kwenye ile meza wiki nzima. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, sijamwambia mtu, natapika uani kisha narudi kuandika. Baba wa mtoto simtaji, hana kiti katika meza hii. Na nilipofika kwenye siku ambazo mashine ilijibu ovyo kabisa, sifuri-moja zimejaa kama nzi, mkono wangu ulifanya ulichofundishwa. Jibu lilikuwa bado ubaoni. Nilirudi nyuma. Nikapunguza hapa, nikaongeza pale, na nikaacha kasoro ndogo ndogo ili ionekane kweli. Haki ya Mungu sikuhisi kama naiba. Nilihisi kama nafagia.

Trésor alikuja, akasimama nyuma yangu, akatazama rejista, akatazama skrini, akarudi kwenye rejista. Aliona. Hilo naliapia mbele ya mtoto wangu. Akaifunga rejista, akasema: "Iko propre, iko safi. Ata miye ningefanya vile vile."

Wiki tatu baadaye nilikuwa jikoni naosha sufuria za mchana. Mlango wa kati haukufunga vizuri tangu zamani. Docteur alikuwa amerudi na karatasi mkononi, anaongea na Trésor kwa sauti ile ya chini aliyoitumia akiwa na hasira. Alimuuliza majedwali haya aliandika nani, Trésor akasema ni kazi ya Béa. Kisha Docteur: "Na weye, ulionaka?" Nilishika sufuria isigonge. "Apana, Docteur," akasema Yaya wangu. Neno moja, laini, halikukwaruza popote. Halafu nikasikia kitu ambacho kimenisumbua kuliko hilo neno. Nilimsikia Docteur akicheka. Kifupi, puani, kama mtu aliyeona kitu cha ajabu sokoni. Miaka saba nimekibeba kicheko hicho. Siku nyingine nasema alinidharau. Siku nyingine, nikiwa nimepumzika, nasema labda alipendezwa.

Akaniita. Niliingia na mikono ina povu. Alinionyesha karatasi mbili. "Wiki ile mashini iligonjwaka, Béa. Kipande kimoja kiliharibika. Ya makundi ingine yote inaonekana mugonjwa. Ya kwako tu njo iko muzima. Mashini iko moja, namna gani?" Akasema nimweleze pole pole nilivyofanya, na mimi, badala ya kueleza, nikaanza kumweleza pendule. Nilieleza kamba, saa, masista, kasoro ndogo za kuonyesha ukweli, ishirini kwa ishirini. Nilieleza kwa fahari, Mungu anisamehe, katikati ya maelezo nilisahau kwamba nashtakiwa. Trésor aliangalia ubao. Docteur alivua miwani, akajifuta macho, akakaa. Mwisho akasema nirudie majedwali yote kutoka rejista, yale mabaya yote, na chini ya kila ukurasa niandike nilichobadilisha na kwa nini. Basi. Hakusema nimesamehewa, hakusema nimefukuzwa. Trésor hakusema chochote, na mimi sikusema kwamba Trésor aliona. Kwa nini sikusema? Nimejiuliza nikipiga pasi, nikisubiri maji, nikimnyonyesha Plamedi. Nadhani bado nilikuwa na deni la ile chumvi. Nadhani pia nilikuwa mjinga.

Nilirudia yote. Ilinichukua siku kumi na moja, tumbo limeanza kuonekana, na hapo, nikinakili makosa ya mashine moja moja, ndipo kwa mara ya kwanza kitu kilinifungukia kidogo. Niliona kwamba makosa hayakuwa ovyo. Kipande kile kibovu kilielekea upande mmoja kila mara, kama mtu mwenye mguu mfupi. Ukikijua, unaweza kukisaidia. Nililia juu ya kibodi, sikujua kama ni furaha au mimba. Nilimpa Docteur kurasa hizo, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaniuliza kama nimekula. Tukala vipande vya kikanda, kile kitafunio cha karanga na mizizi ya porini, na pilipili, tumesimama, mimi na yeye. Nilitoka pale nikiwa na uhakika kwamba nafasi yangu ipo.

Orodha ya watakaokwenda Ulaya ilikuja Docteur akiwa amelazwa. Trésor aliisoma, amesimama mahali pa Docteur. Majina matano. Nilisubiri la sita kama unavyosubiri mtu amalize kupiga chafya. Nikauliza, na mimi? Akasema Docteur ndiye anayejua. Gloria aliangalia tumbo langu, wote wakaliangalia. Nikachukua mkoba, nikatoka, na sikurudi tena katika nyumba ile. Mtaani walisema ni mimba, msichana akishika mimba wanamtoa, ni kawaida, unashangaa nini. Mimi nilisema ni majedwali. Siku nyingine nilisema ni vyote viwili. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nilijifungua, nikauza vocha za simu, nikauza nguo za mtumba, sasa nafundisha hesabu jioni watoto wa jirani ambao wazazi wao hawana muda. Wananiletea madaftari yaliyonyooka. Nawapigia kelele mpaka wanaogopa.

Mara moja tu nilimwona tena Docteur. Plamedi alikuwa na miaka mitatu, tuko mjini kati, mbele ya duka la dawa. Gari lake lilisimama, kioo kikashuka, na Docteur akatutazama, amekonda, skafu shingoni. Alisubiri. Nina hakika alisubiri. Mimi nikamgeuzia mgongo, nikaanza kuchagua kava za simu kwenye meza ya muuzaji, simu yenyewe sina, nikachagua na kuchagua mpaka nikasikia gari linaondoka. Nilijisikia nimeshinda. Nilimnunulia mtoto biskuti kwa ushindi huo.

Kwenye kilio nilifika Jumatano, saa tano, nimejifunga kitambaa cheusi cha kuazima. Turubai lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Nilikaa nyuma kabisa na wanawake wa mtaa, na kutoka hapo nikamsikia Trésor kwenye maikrofoni, sasa ni Docteur Trésor, mafunzo ni yake, vijana wake wamepangwa mstari wa mbele na fulana zenye picha ya marehemu. Alisimulia jinsi mama yetu alivyotufundisha kuheshimu makosa. Akasimulia, watu wakicheka kwa adabu, kwamba katika kundi la kwanza kulikuwa na dada mmoja aliyeiponya mashine kwa kibodi. Wanawake wa pembeni yangu walicheka pia. Nilisubiri ashuke. Nikamfuata upande wa tangi la maji, mahali watu wanaponawa mikono, na nikasimama mbele yake.

Alinitambua mara moja, akataka kunikumbatia. Nikaweka mkono katikati. Nikamuuliza moja kwa moja kama Docteur ndiye aliyenitoa. Akaonekana kushangaa kweli.

"Weye ulijitoaka," akasema.

Nikamuuliza nani alisema hivyo. Aliangalia huku na huku, akafungua bomba, akalifunga.

"Miye niliandika vile. Ku fomu ya Ulaya kulikuwa fasi ya kuandika sababu. Ulikuwa na mimba, Béa, safari inaangukia mwezi yako ya kenda. Ungeenda namna gani?"

"Ungeniuliza, Yaya."

Neno Yaya lilinitoka lenyewe, nilitamani kulirudisha. Nikamuuliza Docteur alisemaje. Akaniambia alimpelekea habari hospitali, kwamba Béa amekataa, na Docteur aligeukia ukuta. Kisha akasema basi, tusimusumbue. Na aliporudi nyumbani aliuliza tena kama nina mtoto wa kike au wa kiume, na Trésor hakujua.

Nilikuwa na swali moja limebaki, la sababu. "Uliandika vile juu ya mimba, ao juu nilijua kama uliona majedwali?"

Mtu mmoja alikuja kunawa, tukampisha. "Sijue," akasema. "Ile siku nilijua. Sasa ata miye sijue tena." Na kibaya zaidi ni kwamba nilimwamini. Nilikuja na maneno ya miaka saba mdomoni, nilikuwa nimeyapanga tangu Jumatatu, na sikupata la kwanza. Kwa hiyo yule mwanamke ndani ya gari alikuwa anamtazama mtu aliyemkataa. Kioo kilishuka kwa mtu aliyemkataa. Na mimi nilikuwa nachagua kava za simu.

Sikurudi chini ya turubai. Nilivua viatu, nikaingia ndani, mahali wanawake wa familia wamekaa chini kwenye mikeka, meza imetolewa, vioo vya kabati vimefunikwa shuka. Hakuna aliyenijua. Wimbo ulikatika, wakanitazama. Mwanamke mzee, pua ile ile ya Docteur, macho yamevimba, aliniuliza bila ubaya: "Mama, na weye uko nani kwake?"

Ningeweza kusema jirani. Ningeweza kusema rafiki.

"Niko mwanafunzi yake," nikasema. "Tulikuwaka sita."

Alinitazama kidogo, akahesabu kitu kichwani, sijui nini. Kisha akakunja miguu yake, akasogea, na nikakaa. Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa tu sijui tena namkasirikia nani, na nikaanza kulia nayo hivyo hivyo.